Boti Iliyorudi Ufukweni

Ijumaa, 25 Julai 2025
Siku ya Mashujaa, Vwawa. Nimerudi Ihanda kichwa kinauma. Yusuf, yule tajiri wa malori wa Tunduma aliyekuwa komandoo, kapewa kipaza sauti. Kasimulia tulivyovamia kisiwa kile enzi zetu za jeshi, boti zilivyowashusha makomandoo ufukweni alfajiri. Hadi hapo kweli. Kisha akasema sisi wanamaji tuligeuza boti tukawaacha, na yeye na jeraha lake akaogelea hadi melini.

Akaogelea! Ofisa wa boti zile nilikuwa mimi. Amri ilikuwa tuondoke. Nikarudi na boti moja, risasi zinapiga maji pande zote. Yusuf tulimkuta kwenye mchanga, hajitambui. Tulimbeba kama gunia la kahawa. Nsajigwa, mshika usukani wangu, alipigwa pale pale. Hakufika melini akiwa hai.

Na watu wakapiga makofi.

Jumamosi, 26 Julai
Mke wangu, Loisi, anasema niachane nayo. Eti mzee mzima nagombea sifa, ananionea aibu. Sigombei sifa. Nimechoka tu.

Jumapili, 27 Julai
Baada ya ibada, Mbozi Mission. Mama Restuta, mama yake Nsajigwa, katoka Itaka kunitafuta. Kumbe juzi alikuwepo uwanjani.

“Afande, mwanangu alikufa akikimbia?”

Nikamwambia hapana, alikufa akirudi kumchukua Yusuf.

“Basi mbona yule kasema mbele ya watu, na wewe ukakaa kimya?”

Nimemwambia nitamwuliza Yusuf mwenyewe. Kesho Tunduma. Mama Restuta anasema lazima twende wote — nimemkatalia, wapi.

Jumatatu, 28 Julai
Naandika garini, nje ya yadi ya Yusuf. Foleni ya malori imetupotezea asubuhi yote, na mwenyewe tukaambiwa yuko mpakani. Mkewe, Mwanamvita, katupa chai. Nikamwambia nilichofuata, sikupunguza neno. Hakubisha. Akasema taratibu kwamba mumewe hakumbuki kitu, tangu mchangani hadi hospitali.

“Aliuliza wenzake miaka, hakuna aliyemjibu. Hilo la kuogelea kalitunga mwenyewe, shemeji. Sasa analiamini.”

Yaani nimekuja na hasira yangu yote, halafu nimgombeze nani? Nikatoka nije nipumue huku.

Lori limeingia. Ni yeye, anashuka. Anachechemea — paja lile nililifunga kwa shati langu mwenyewe. Mama Restuta kashamfikia. Kamshika mkono kwa mikono yake miwili. Yusuf anacheka kidogo, kama mtu aliyezoea kusalimiwa na wasiomjua. Dirisha langu liko wazi, namsikia akimwuliza mkewe, “Huyu mama ni nani?”

Mwanamvita kageukia gari. Anatazama huku kwangu. Sasa wote watatu wanatazama huku. Nafunga daftari, nashuka.