Bomba la Tope Lililolala Kichwa Chini

Ghala la Sampuli za Bahari,
S.L.P. 61.
9 Machi

Mpendwa mwana wa dada,

Hujambo, mwanangu? Kifua kimepona? Mimi ni mzima, ila magoti yamegoma kupanda ngazi.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu ungenifariji, nami sistahili.

Kanuni unaijua, nilikufundisha mwenyewe. Bonde la bahari likifungiwa mlango, maji yake hupungua kwa mvuke. Oksijeni nyepesi hutangulia kuondoka, nzito hubaki, na magamba ya viumbe wadogo huihifadhi topeni. Wewe ulikuta nzito chini, kwenye tope la kale, nyepesi juu, kwenye tope la baadaye, ukaandika katika tasnifu yako kwamba bonde letu lilikuwa limefungwa, kisha likafunguka.

Jumatatu, fundi wa ghala, yule tumwitaye Kijiko, alikuwa akisafisha kipande cha mwisho cha bomba lako moja la tope tulilochota sakafuni mwa bahari. Akaniita. "Mzee, mchanga mzito umeanza lini kuelea?"

Nikamwambia aache utani.

"Utani gani? Mwandiko huu wa 'juu' si wako?"

Nikainama kutazama. Chembe kubwa za mchanga hutua kwanza, laini hufuata. Hapa kubwa zilikuwa juu. Bomba lilikuwa kichwa chini miaka yote, na bonde halikufunguka. Lilifungwa.

Kosa ni langu. Miaka kumi na tisa iliyopita, melini, vifuniko vyekundu vya upande wa juu viliniishia. Nikafunika mabomba sita, hayo hayo uliyoyapima, kwa vifuniko vya buluu, vya upande wa chini, huku na huku, nikaenda kula, nikarudi kuandika "juu" na "chini" kwa kumbukumbu tu.

Utasema tuyageuze. Hilo moja, sawa. Lakini matano mengine hayakuwa na tabaka la mchanga la kuyatolea ushahidi, na tope lake lote tumelimaliza kwenye vipimo. Meli yenyewe imeshakatwa vyuma chakavu. Nimetafuta njia siku nne; sikuiona. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Aliyeyamwaga afanye nini, hawakusema.

Msimamizi wako nimemwandikia kabla yako, usije ukapata nafasi ya kunificha. Miaka yako mitano siwezi kukurudishia.

Nisalimie mumeo na mapacha wenu. Mola akushike mkono. Bibi yako anakusalimu sana, sijamwambia. Amekwisha kuwatangazia majirani kwamba Aprili mjukuu wake ataitwa daktari.

Akupendaye siku zote,
Mjomba