Dada Pasi na Picha Zilizoachia Zenyewe

Jumamosi, tarehe 14 Juni. Mvua imekatika alfajiri, jua limetoka, upepo unapuliza taratibu. Wewe ungesema: asubuhi ya kuanika.

Mpendwa wetu Dada Pasi,

Leo umetimia mwaka tangu ulipoiweka pasi chini na Mwenyezi Mungu akakuita. Tuna habari njema, nawe lazima uambiwe.

Ulikuwa dobi wa mtaa mzima. Mashuka ya zahanati, mashati ya walimu, magauni ya maharusi, yote yalipita mikononi mwako. Kijana aliyekwenda kuanza kazi ulimnyooshea shati bila kumwuliza kitu. Na mimi, mdogo wako, nilipojiandikisha darasa la jioni la kusoma na kuandika nikiwa tayari bibi, ulinipigia pasi gauni kila siku ya kipindi. Ulisema, "Mwanafunzi haendi amekunjamana."

Kila Jumapili ulilitoa lile kopo la biskuti ulimotunza picha, ukazipanga kitandani, ukatusimulia utoto wetu. Tukinyoosha vidole ulifoka, "Shika pembeni! Hao ni watu, si biskuti!"

Dada, tulipokuzika hakuna aliyekuwa na moyo wa kulifungua kopo lile. Masika yakaja, paa likavuja juu yake, nasi hatukujua. Siku tulipolifungua, picha zote zilikuwa zimegandamana kama tofali. Humo ndani ndimo alimokuwa mama. Wewe ulimkumbuka. Mimi aliniacha mchanga, na sura yake naijua kwa picha ile moja tu.

Kaka yetu, dereva wa lori, unamjua na haraka zake. "Nileteeni kisu chembamba," akasema, "nizibandue moja moja."

Binti yako mshonaji akalikumbatia kopo. "Mjomba, ukitia kisu hapa, leo nakuanika wewe!"

Nilicheka huku nalia, kisha nikakukumbuka. Pazia likigandamana kwa wanga wa kunyooshea, hukulivuta. Ulisema, "Lipe maji, litaachia lenyewe." Tukamwuliza fundi picha wa barabarani. Akazigeuza, akasema picha za zamani za namna hii zilisafishwa majini, hivyo maji safi ya baridi huenda yakazikomboa, mradi tusiharakishe.

Tuliteka maji kwenye beseni lako la bluu. Tukaomba. Tukazitumbukiza, tukakaa. Kaka alishindwa kutulia, akawa anauliza kama abiria, "Bado? Bado?" Ndipo ya kwanza ikateleza ikaachana na wenzake, kisha nyingine. Ya juu kabisa imefutika nusu, nayo ni ya kaka akiwa mtoto. Anadai nusu iliyobaki ndiyo nzuri.

Mama alikuwa katikati kabisa. Aliachia polepole, Dada, akaja juu mzima: amekaa kwenye kigoda, wewe umemshika bega, mimi nimepakatwa, kichwa kimekuwa ukungu kwa sababu niligoma kutulia. Na lile pengo la meno yake ya mbele! Tulipiga vigelegele mpaka jirani yetu Mzee Redio akaja mbio akidhani kuna harusi.

Tulizianika kwenye kamba yako, kibanio kwenye ukingo mweupe, kivulini, kama ulivyoanika nguo za rangi. Majirani walipita chini ya kamba wakiangalia juu, na mzee mmoja akaiona shule yake ya zamani, akavua kofia. Mungu ni mwema. Fundi picha amezinakili zote, na kila nyumba ya ukoo imepata zake.

Nyuma ya kila picha nimeandika kwa penseli laini nani ni nani. Mwandiko ni wangu, nao haujakunjamana.

Unakumbukwa na kaka yako, binti yako na mumewe, wajukuu zako, mimi mdogo wako, na mtaa wote uliouvalisha ukapendeza. Hutatutoka moyoni maisha yetu yote. Pumzika kwa amani.

Asubuhi hii tumesimama chini ya kamba yako baada ya sala. Nimeishika picha ya mama pembeni, na mbele ya kaka, binti yako, wajukuu na Mzee Redio nimesema kwa sauti, nao wote wakaitikia amina:

"Dada, kila Jumapili kopo litafunguliwa. Hakuna mtoto wa nyumba hii atakayekua bila kumjua mama, wala bila kukujua wewe. Mimi nitawasimulia, na nisipokuwepo, watasoma."