Kabati, Piramidi na Baba Mkwe

Shoga, nakuandikia nimejificha jikoni. Nimemfungia baba mkwe chooni. Baba mkwe!

Si unanijua na somo langu la historia? Mama mkwe alitaka kabati lake lihamie chumba cha pili. Nikaanza darasa: wengine wanasema mawe ya piramidi yalibingirishwa juu ya magogo, lakini mimi naamini waliyaburuta huku wakimwagia mchanga maji ili yateleze.

Mama mkwe akasema, "Tumwite seremala."

Seremala wa nini? Nikamwaga maji ya sabuni kwenye vigae vya korido.

Shoga, liliteleza! Liliteleza likanipita mimi mwenyewe, likaenda kujibana kwenye mlango wa choo, na mlango wenyewe unafungukia nje. Tumesukuma, wapi! Tunateleza sisi, lenyewe limetulia tuli.

Mama mkwe akawa ananitazama tu mimi na ndoo yangu.

Mara nasikia sauti ya upole kutoka chooni: "Mwalimu."

"Abee, baba."

"Hao waliowekwa ndani ya piramidi walikuwa wameshakufa, sivyo?"

"Ndiyo, baba."

"Basi mimi bado. Niitie seremala."