Sauti Iliyoitika Ghalani

MAELEZO YA SHAHIDI
Mkoa wa Kipolisi Temeke
Tarehe: 13 Februari 2026, saa nane mchana

Jina: Atuganile Mwasomola
Umri: miaka 34
Kabila: Mnyakyusa
Dini: Mkristo
Kazi: Afisa utumishi, kampuni ya kuhifadhi mizigo, Kurasini
Makazi: Mtoni Kijichi

Nimeelezwa kuwa kusema uongo mbele ya polisi ni kosa, na nimeelewa. Hakuna aliyenitisha wala kuniahidi kitu.

Mimi ndiye ninayeshughulika na watu pale kazini: kuajiri, likizo, magomvi yao na misiba yao. Ghala letu hupokea mbolea kutoka bandarini, makuli wanaipanga na kuipakia kwenye malori ya mikoani. Nyapara wao alikuwa Marselino Chilumba, mtu wa Ndanda, mpole, mwenye sauti nzito kidogo iliyokwaruza. Kila asubuhi majina huitwa getini. Wengine huitika "Nipo." Marselino aliitikaga "Nipo na wenzangu."

Mwezi Agosti mwaka jana tuliletewa meneja mpya, Bwana Theonest Kaijage. Si mtu wa matusi. Alisema kazi ya kundi inaficha wavivu, akaagiza kila kuli apimwe peke yake kwa hesabu ya viroba anavyobeba, na atakayebaki nyuma asiitwe kazini kesho yake. Pia aliondoa desturi ya nyapara kusimamisha kazi akiona hatari. Alimwambia Marselino mbele ya watu wote, "Itikia kwa nafsi yako tu. Wenzako wana midomo."

Tangu hapo watu waliacha kusaidiana. Mtu akijikwaa na kiroba, mwenzake anampita. Hata chakula cha mchana kila mtu alikula pembeni kwake. Nilimweleza meneja. Alisema mizigo inatoka kwa haraka kuliko zamani, na hilo ni kweli.

Mnamo tarehe 10 Februari 2026, majira ya saa tano asubuhi, Marselino alikuja ofisini kwangu. Alisema, "Sista, rundo la upande wa ukutani limelala, linataka kuanguka. Watu wanaliona ila wananyamaza, wanaogopa kukosa kesho." Nilifuatana naye hadi kwa meneja. Meneja alisema, "Lori hili likishatoka tutaliangalia." Marselino hakubishana, akarudi ghalani. Mimi nilibaki kuomba kazi isimame.

Nilikuwa bado naongea niliposikia mshindo, kisha watu wakipiga kelele. Ismail Likokola, msaidizi wa Marselino, aliniambia kuwa Marselino aliporudi aliwaondoa wenzake wote upande ule, akabaki peke yake akishusha viroba vya juu ili lori lisichelewe. Tulimfukua kwa mikono. Siku hiyo watu walisaidiana. Alikata roho njiani, tukimpeleka hospitali.

Kesho yake, tarehe 11, mwili ulisafirishwa kwenda Ndanda. Makuli waliomba kuusindikiza, au basi wakae matanga japo siku moja nyumbani kwake Tandika. Meneja alimruhusu mtu mmoja tu aende. Wengine aliwaambia, "Nyie mkikaa kulia, meli haikai." Kazi ikaendelea. Mama Hamisa, anayeshona viroba vilivyopasuka, alikishona hata kile chenye damu, kwa sababu hakuna aliyemwambia asikishone. Nilimwona. Alikuwa anashona huku ameangalia pembeni.

Mnamo tarehe 12, saa moja asubuhi, tulikuwa getini. Ghala lilikuwa bado limefungwa kwa kufuli na funguo nilikuwa nazo mimi. Meneja aliita majina kutoka kwenye simu yake. Hakuna aliyekuwa amelitoa jina la marehemu, naye akasoma bila kufikiri: "Marselino Chilumba."

Kutoka ndani ya ghala mtu aliitika, "Nipo na wenzangu."

Sidai kwamba alikuwa yeye. Nasema nilichosikia. Ilikuwa sauti ya kawaida, ya mtu aliyeko kazini, wala haikuwa ya kulia. Mama Hamisa aliketi chini palepale, makuli nao wakaketi mmoja mmoja. Ismail alisema, "Bosi, sie hatukatai kazi. Tunaomba tumlilie kwanza mwenzetu." Hakuna aliyefunga geti na hakuna aliyeshika jiwe.

Meneja alininyang'anya funguo, akafungua ghala na kuingia peke yake. Alikaa ndani muda. Tulimsikia akiongea polepole kama anayejibizana na mtu, ingawa wa pili hatukumsikia. Alipotoka shati lilikuwa limemganda mwilini. Hakututazama. Alipiga simu polisi, akasema watu wamegoma na wamefunga geti, na kwamba Ismail aliigiza sauti ya marehemu ili kuwatisha wenzake. Polisi walikuja wakamchukua Ismail pamoja na wengine wanne.

Kuhusu tuhuma hiyo naeleza hivi: Jina lilipoitwa, Ismail alikuwa amesimama kushoto kwangu, bega kwa bega. Nilikuwa namtazama usoni kwa sababu macho yake yalikuwa yamevimba na nilitaka kumwambia arudi nyumbani. Mdomo wake ulikuwa umefumbwa. Sauti ilitoka nyuma ya mlango uliofungwa.

Jana jioni meneja aliniita ofisini. Alitaka niandike kwamba nilimwona Ismail akiitika. Nilimwambia siwezi. Hakugomba. Aliniuliza tu, "Sasa kama si yeye, ni nani?" Akasema, "Nilimwambia aitikie kwa nafsi yake." Akarudia tena maneno hayo, kisha akaniambia niende.

Leo asubuhi meneja alikuja getini kuita majina kama kawaida. Alipofika kwa Marselino alikwama. Hakuweza kulisoma wala kuliruka. Makuli walimngoja, wameketi chini kama jana. Simu ilizima mkononi mwake naye bado amesimama. Mwishowe alivua viatu, akaja kuketi chini pamoja nao, na Mama Hamisa akasogea kumpa nafasi. Hapo ndipo watu walipolia, kwa mara ya kwanza tangu afe. Baadaye wakaingia ghalani wote pamoja, wakayashusha marundo yote marefu kabla ya kugusa lori lolote. Meneja alibeba viroba na wao. Hakuna aliyehesabu.

Umeniuliza kama sauti ile niliisikia tena. Hapana. Ila mie mwenyewe tangu jana, mwanangu akiniita nyumbani nasita kuitika.

Umeniuliza pia nani amenituma. Sijatumwa. Aliyenileta kwa gari lake ni Bwana Theonest. Njiani alisema neno moja tu, "Sema." Yuko nje kwenye benchi, anangoja zamu yake aje kuyafuta maneno aliyosema kwenye simu. Naomba Ismail na wenzake waachiwe.

Niliyoyaona na kuyasikia yanaishia hapa. Nimesomewa, nimeona ni sawa, nami naweka sahihi.

(Sahihi) A. Mwasomola

Maelezo haya yameandikwa nami, Koplo Brightson Ulomi, kwa Kiswahili, kama shahidi alivyoeleza. Katika aya inayohusu Mama Hamisa kuketi chini niliandika kwamba watu waliketi "kuanza mgomo." Shahidi alikataa, akasema waliketi msibani. Maneno hayo nimeyafuta, na pembeni tumesaini wote wawili.