Maziwa Niliyosema Nimeyachemsha

Heľpa, 9 Juni

Mdogo wangu mpenzi Radovan,

Pokea salamu zenye harufu ya majani mabichi yaliyofyekwa. U mzima? Kifua cha Baba kimetulia? Mimi sijambo, na kama furaha ingekuwa na uzito, ngazi za nyumba hii zingekwisha kuvunjika.

Rado, ndoa ni tamu! Tukitoka msituni jioni, Ondrej wangu huniketisha dirishani akanikagua kupe nyuma ya masikio, shingoni, magotini, polepole, na akimaliza huanza upya. "Tulia, mke wangu, nimemwona mmoja," husema, kumbe ni alama yangu ya kuzaliwa. Hapo nakukumbuka wewe na kikapu chako cha uyoga, ukipiga mluzi, na Baba akikufokea uchomeke suruali ndani ya soksi.

Asubuhi ya kwanza baada ya harusi, mama mkwe alinipa kikombe cha mbao chenye maziwa ya mbuzi yaliyotoka kukamuliwa, kama anavyopewa kila bibi harusi wa nyumba hii. Nikakataa. Mama mkwe akanuna. Wifi zangu wakanicheka kwamba namwogopa mbuzi. Ondrej akayamimina sufuriani, akayachemsha mbele ya wote. Baadaye akaniuliza kwa nini nilikataa, nikamwambia nililolificha miaka kumi na mmoja.

Rado, wiki ile kabla ya homa, kabla shingo yako haijakakamaa na mkono wako kulegea, marehemu Mama aliniachia maziwa ya mbuzi wetu Bielka niyachemshe mpaka yapande. Wasichana walikuwa wananingoja mtoni. Nikakupa hivyo hivyo, ukayanywa, ukanionyesha masharubu yako meupe tukacheka. Daktari alipouliza, nilisema nimeyachemsha. Wakasema ni homa ya kupe wa msituni; mwilini mwako hawakumwona, wakasema ameshaanguka. Kupe alimuuma Bielka, si wewe. Ugonjwa ulikuja na maziwa.

"Mwandikie," Ondrej aliniambia. "Anayelaumiwa ni yeye."

Kila msimu wa uyoga Baba huwa anakuambia ungemsikiliza ungekuwa na mikono miwili, nami huendelea kukata mkate. Jumapili nakuja kumwambia mwenyewe. Usinisamehe haraka kwa kuwa mimi ni bibi harusi. Ila kitungue kikapu chako ukutani, uende. Msitu haukukukosea, wala wewe hukumkosea Baba.

Msalimie, lakini hii usimsomee. Niachie.

Dada yako akupendaye,
Ludmila