Bosi Katuchanganya Jamvini, Ghalani Hajagusa

Mpendwa mshauri, shikamoo, na kama mimi ndiye nimekuzidi umri basi nirudishie yangu, naomba msaada wako maana nimekwama na huku kwetu Kanoni hakuna wa kumuuliza, ukimwambia mtu jambo jioni, asubuhi analijua mpaka muuza chumvi. Tafadhali jina langu usilitoe. Mimi ni mama wa makamo, shule niliishia darasa la tatu, mambo ya makampuni siyajui, na watu wanasema eti mimi mmbea lakini sio kweli, mimi napenda tu kujua watu wameamkaje.

Kazi yangu ni kuchambua kahawa kwenye kampuni ya Bwana Gaudiosus pale Ihanda, huyu alianza kununua kahawa serikali iliporuhusu watu binafsi, ana mashine ya kukoboa, ana ghala, ana banda, na sisi wanawake tunakaa bandani kwenye majamvi kila mtu na ungo wake, tunatoa punje nyeusi, zilizovunjika na mawe, nzuri zinaingia kwenye gunia la jamvi lenu. Zamani kila jamvi lilikuwa la nyumba moja. Letu tulikuwa mimi, wifi yangu Jovitha ambaye ni dada mkubwa wa mume wangu, mama mkwe wetu, na wake wa shemeji zangu, na waitu, jamani, palikuwa patamu, tunachambua huku tunaongea, nani kaposwa, nani kafukuzwa kwaya, nani kanunua godoro na hela hatujui katoa wapi. Ila sasa mama mkwe macho yamechoka, jiwe yeye anaona kahawa, na huku kwetu mkamwana hatii mkono kwenye ungo wa mama mkwe, na wa wifi mkubwa ni hivyo hivyo, kwa hiyo mawe yalikuwa yanapita mbele yetu, tunayaona, tunanyamaza. Magunia yakawa yanarudishwa na wanunuzi kila mara.

Basi Bwana Gaudiosus akaenda semina Bukoba, akarudi na mkoba mpya na neno jipya. Akasimama bandani akasema kampuni yenye watu wa aina moja haifiki mbali, kuanzia leo kila jamvi ni mchanganyiko. Jovitha akamuuliza, "Mchanganyiko wa nini bosi, wa maharage?" Akasema, "Wa watu, mama." Akatupanga kama mtu anayechomeka maharage kwenye migomba, hapa Mkatoliki hapa Mlutheri, hapa Mnyambo pale Mhaya, huyu wazee wake walitoka Rwanda, yule Burundi, na kila jamvi lazima liwe na mwanaume. Wanaume wakakataa, wakasema hawakai chini na ungo kama wanatafuta chawa, akakubali Protase peke yake kwa sababu anapenda kukaa. Kwa hiyo mwanaume wa majamvi yote ni Protase. Siku wageni wamekuja na kamera, Protase alikuwa anahama jamvi hadi jamvi, wakimaliza kupiga huku yeye ameshakaa kule, kwenye picha za pale ofisini hapa ana kofia ya pama, pale ana kofia ya sufu, pale kajifunga taulo kichwani, na wageni wakasifu kwamba kampuni ina wanaume wengi wachapakazi. Ungo hajawahi kuushika, anasema ataubonyeza.

Mama mkwe alivyopangwa na watu asiowajua akakunja kanga yake akaenda nyumbani, hakuagwa wala hakuaga. Jovitha akasema yeye hawezi kukaa na mtu ambaye hamjui mama yake, akamfuata. Mimi nilibaki, ndiyo kosa langu kwao mpaka leo.

Kwangu akaletwa Nyirabahire wa kule Ndama, babu yake ndiye alihamia kutoka Rwanda zamani hizo, wana migomba yao na ibada wanasali kama sisi. Siku ya kwanza tu, hata salamu haijapoa, akaingiza mkono kwenye ungo wangu.

"Dada, hii nyeusi."

"Nimeiona."

"Sasa mbona umeiacha?"

"Nilikuwa naijia."

"Basi pumzika, nimeshafika," akaitupa.

Mshauri, tangu niolewe hakuna mkono wa mtu ulioingia kwenye ungo wangu. Nikasema ngoja, nikaingiza na mimi kwenye wake, nikatoa jiwe nikamwekea kwenye kiganja, nikategemea tutapigana. Akaliangalia akasema, "Hili lingemng'oa mzungu jino." Tukacheka mpaka majamvi mengine yakageuka. Tangu siku ile jamvi letu ni la mikono, kila mtu anaingia kwa mwenzake, tunatukanana tunachambua, na gunia letu halijarudishwa. Na tena nikuambie, umbea wa Ndama nilikuwa siujui hata kidogo, wa kwetu nilikuwa nimeshaumaliza, huu wa kwao ni mpya mtupu, kuna mzee wa kanisa kule ana habari ambayo barua haitoshi.

Sasa tatizo. Juzi juzi mzigo mkubwa umerudishwa, na safari hii sio mawe, ni ukungu, kahawa imeota ukungu ghalani. Mimi sisemi kitu, nakudokeza tu, ghala lipo chini ya Athanasi, kaka wa mke wa bosi, na Athanasi magunia anayalaza kwenye sakafu bila mbao, chini ya bati linalovuja, kila mtu anaona. Karani anaona lakini karani ni mtoto wa shangazi yake Athanasi. Mlinzi anaona lakini mlinzi ameletwa na karani. Hata mbwa wa mlinzi ametoka kwa mkwe wa bosi. Na Bwana Gaudiosus mwenyewe Athanasi akikaa mlangoni pa ghala yeye anazungukia nyuma, anamheshimu.

Badala ya kuongea na Athanasi kaniita mimi. Akasema, "Laurensia, huu mchanganyiko umenidhoofishia kampuni. Mkutano wa mwisho wa mwezi utasimama useme umetushinda, useme kwa niaba ya wanawake, wewe unasikilizwa. Wifi yako na mama mkwe nitawarudisha, wale waliokuja waende kwao." Nikamuuliza, "Bosi, kwani ukungu umetoka jamvini?" Akasema nisimuulize mambo ya kitaalamu.

Jovitha sijui kaambiwa na nani, kila jioni anakuja kukaa jikoni kwangu, hasongi, hamenyi ndizi, anakaa tu. "Sema, wifi. Neno moja unalisema, jamvi letu linarudi. Au siku hizi wa kwenu ni wale?" Mume wangu Yustus naye anasema mke wangu sema tulale. Na Nyirabahire habari hana, migomba yake upepo umeilaza yote, watoto wanategemea kile anachopata bandani. Jana kanipa amwani, ile kahawa ya kutafuna iliyochemshwa na majani, kaifunga vizuri kwenye jani la mgomba, na unajua huku kwetu mtu akikupa amwani ukatafuna naye, huwezi tena kumuuza. Mimi nimeshatafuna, na kumeza nimemeza.

Sasa naomba uniambie, huu mchanganyiko unaipa kampuni nguvu au unaidhoofisha, na mimi siku hiyo nisimame niseme nini, maana nikisema hivi nimemfukuza Nyirabahire, nikisema vile wifi atahamia jikoni kwangu moja kwa moja.

Ni mimi, asiyetaka kujulikana,
Kanoni, Karagwe.

JIBU LA MSHAURI

Mama wa Kanoni, marahaba. Jina lako mimi sikulitoa, ila wewe mwenyewe umemleta bosi wako analitamka katikati ya barua, na mhariri wetu hapendi kukata maneno ya watu. Kwa hiyo pole, Laurensia, na pole sana. Kubanwa kati ya wifi na tumbo la mwenzako sio kitu cha kuchekwa, ingawa nimecheka.

Unaniuliza kama mchanganyiko unaipa kampuni nguvu au unaidhoofisha. Mama, jibu umelikalia na umelifunika na kanga. Jamvi lenu la ukoo lilikuwa linapitisha mawe kwa heshima. Akaja mtu ambaye hakuolewa kwenu, hana wa kumwogopa, akakuonyesha nyeusi, wewe ukamwonyesha jiwe, gunia likapona. Hiyo ndiyo nguvu yenyewe. Haikutokana na Mlutheri kukaa karibu na Mkatoliki, na wala usidhani watu wa Ndama wana macho makali kuliko ya Kanoni. Mkalishe Nyirabahire kwenye jamvi moja na mama mkwe wake na dada za mume wake, atayaangalia mawe yanapita kama mlivyokuwa mnayaangalia ninyi, na atayasalimia.

Lakini bosi wako hakuelewa alichokileta. Yeye alitaka picha. Alipanga watu kwa dini na kabila kama mtu anayepanga chupa za soda dukani, akamwaibisha mama mzee mbele ya watu kwa siku moja, akamzungusha Protase na kofia. Kampuni inayochanganya watu kwa ajili ya kamera inapata picha, hakuna kingine. Halafu kule ambako magunia yanalala na hela inalala, pale hakuchanganya hata mbwa. Ghalani kwake ni lile lile jamvi lenu la zamani, ila limejengwa kwa matofali. Athanasi ndiye mama mkwe wa pale, hakuna mwenye mkono wa kuingiza kwenye ungo wake, na bosi mwenyewe anazungukia nyuma. Bwana Gaudiosus, najua gazeti hili linafika Kayanga na najua utaletewa kabla hujaamka. Ukungu huo umeulea wewe, kwa adabu.

Sasa wewe, Laurensia, nikugombeze kidogo. Umekaa na jambo hili siku ngapi unatafuta neno litakalompendeza kila mtu, na wewe ndiye mtu uliyeona jiwe la kwanza na la mwisho. Bosi wako anasema unasikilizwa. Basi mtu anayesikilizwa hatumwi kusema uongo kama anavyotumwa chumvi.

Fanya hivi. Siku ya mkutano usipinge na usikubali, usianze hata na historia ya mzee wa kanisa wa Ndama. Simama useme, "Bosi, umetuchanganya vizuri jamvini, tunashukuru, sasa twendeni wote ghalani tukaone." Halafu anza kutembea. Wanawake wakikuona unatembea watakufuata, na hakuna mwanaume anayebaki peke yake kwenye mkutano. Mkifika inueni gunia la chini mbele ya watu, lijieleze lenyewe. Kisha omba mambo uliyoyaona kwa macho yako: mbao chini ya magunia, bati lizibwe, na ghala lipate mtu wa pili ambaye hajaoa wala kuolewa kwenye nyumba ya bosi. Athanasi asifukuzwe, shemeji mtu huwezi kumfukuza ukalala kwako, ila apate mwenzake wa kumwambia hii nyeusi.

Wifi yako mwombee kazi arudi, lakini jamvi la watu wengine, mbali na lako. Mwambie hivyo leo jikoni, akiwa amekaa hivyo hivyo, na mpe ndizi amenye wakati unamwambia. Jovitha, na wewe najua unasomewa hii: mtu usiyemjua mama yake unaweza kumuuliza mama yake ni nani, dakika moja mmeshajuana. Mama mkwe naye mfuateni nyumbani mkamwombe radhi kwa magoti, mumwombee kwa bosi kazi ya kulinda kahawa inayoanikwa uani. Jiwe halioni, lakini kuku na mbuzi anawaona, na hakuna mtu wa Ihanda atakayethubutu kumwambia amelinda vibaya. Protase avuliwe kofia, apewe ungo. Akiubonyeza, Nyirabahire atamwonyesha.

Na hili la mwisho ndilo limenikera. Habari za watu wote unazifikisha kabla hazijapoa, godoro la huyu, uchumba wa yule, kanisa la nani. Habari moja tu inayomhusu mwenzako aliyekupa amwani, kwamba wanataka kumfukuza na wewe ndiye umetumwa ufanye kazi hiyo, hiyo ndiyo umeikalia. Huko kunyamaza usikuite siri, kwa sababu ni jiwe lingine unaliangalia linapita.

Nenda Ndama leo, usingoje kukutana naye bandani. Mwambie yote, na umwombe asimame karibu yako siku hiyo ya mkutano. Mdomo umekuwa nao miaka yote ukiutembeza bure, sasa umepata kazi.