Paja la Kushoto

Jumatatu, 3 Juni
Uji. Dirisha. Uji tena. Mguu wa kushoto uko juu ya mto kama mgeni rasmi. Nilivunjwa na punda wangu mwenyewe nikimpakia maharage. Tuligombana, akashinda. Plasta imeshatolewa. Mtaalamu wa viungo hospitalini alisema kaza paja, tembea kwa magongo kila siku, la sivyo goti litakakamaa moja kwa moja. Lakini mama amekuja kutoka Dirma kuniuguza. Kwake, mgonjwa akionekana anajichotea maji, ni aibu ya nyumba nzima.

Jumanne, 4 Juni
Nimejaribu kukaza paja. Hakuna kitu. Miaka yote hii nawafundisha watoto: nyuzi za msuli zinafupika, mfupa unavutwa, mguu unanyooka. Leo nimetoa amri, nyuzi zangu zikanyamaza kama darasa lililoulizwa nani kavunja kioo. Nimeogopa.

Jumatano, 5 Juni
Jirani Boay kaja kutoa pole. Akamwamkia mama shikamoo, akanigeukia: "Mwalimu, unaatamia tu, hayo mayai bado hayajaanguliwa?" Mama hakucheka. Boay alipoondoka, mama kayachukua magongo akayaficha jikoni, nyuma ya kuni, nisije nikashawishika kuinuka. Jikoni sifiki bila magongo. Mlango uko wazi mchana kutwa, nami nimefungwa.

Ijumaa, 7 Juni
Nimeanguka. Nilikuwa naufuata mlango kwa kushika ukuta, goti likajikunja lenyewe. Mama kanikuta sakafuni, akalia. Sasa kahamishia godoro lake chumbani kwangu. Mtu mzima, mvi kichwani, nalindwa na mama. Nimempigia mke wangu, yuko Katesh anauza maharage, aje anitetee. Kasema, "Msikilize mama, baba Paskali." Nimebaki peke yangu na mguu unaokufa.

Jumamosi, 8 Juni
Nimejaribu kumfundisha mama. Nikasema misuli haisukumi, inavuta tu, ndiyo maana inafanya kazi kwa jozi. Wa mbele ya paja ukivuta goti linyooke, wa nyuma unalegea. Kama maksai wawili.
"Mmoja anavuta, mwenzake analegea?" mama kauliza. "Hao ni wa kuuza."
Ualimu wangu wote umeishia hapo. Nikauchukua mkono wake, nikauweka kwenye paja langu la kulia. Halafu la kushoto. Akarudi la kulia mwenyewe. Akarudi la kushoto, akalibonyeza polepole.
"Nyama imekwenda wapi?"
"Msuli usipopewa kazi unaisha, mama."
Katoka nje.

Jumapili, 9 Juni
Uji umeletwa. Maneno hayakuletwa.

Jumatatu, 10 Juni
Nimeamka, magongo yameegemea kitanda. Yananuka moshi. Chai haikuwa kwenye kigoda cha kando ya kitanda. Ilikuwa juu ya meza, kule mlangoni, imefunikwa kisahani. Mama alikuwa nje anapepeta maharage, kanipa mgongo.
Nimekaza. Paja likatetemeka kama ngozi ya ng'ombe inayofukuza nzi. Nikakaza tena. Likashika.
Chumba kimoja, nikapumzika njiani kama naupanda mlima Hanang. Nje ungo ulikuwa umenyamaza. Nilipoishika meza, ukaanza tena kupepeta.
Chai ilikuwa imepoa. Nimeinywa nimesimama.